Pumzi Zisizo za Manusos

Daktari aligeuza kompyuta ili Manusos na mkewe Garifalia waone. Karibu kila usiku mstari wa pumzi ulikwenda sawasawa, mashine ya usingizi ya Manusos ikisukuma hewa kooni kwa bomba na barakoa, na mtu akilala zake. Kisha akafungua usiku wa Jumamosi, moja baada ya nyingine. Hapo pumzi zilianza ndogo, zikakua, zikapungua, zikazimika kabisa. Kimya. Halafu zikaanza upya.

"Koo lililoziba halichori hivi," alisema daktari, binti wa mji wa Rethimno aliyewazoea wanaume wagumu wa milimani. "Njia iko wazi, ila mtu mwenyewe anaacha kuvuta hewa. Wakati mwingine ni moyo uliochoka. Hatujui mpaka tupime, lakini tusichelewe."

"Mama wa Mungu!" Garifalia alishika msalaba wake shingoni. "Juzi tu alibeba gunia la zeituni!"

Manusos hakuuhofia moyo wake hata kidogo, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Pumzi zile hazikuwa zake.

Kila Jumamosi alipanda kwenye kibanda cha kondoo na Miron, sindekno wake, yaani mtu aliyemsimamia binti yake Argiro kwenye ubatizo. Milimani kwao sindekno ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu unapewa na mama yako, sindekno umemchagua mbele ya Mungu. Miron alikuwa hawezi tena kulala ila kwa kukaa, na hospitali haikanyagi tangu imrudishe baba yake ndani ya sanduku. "Niazime huo mkonga wako wa tembo," alisema siku moja, "ila uape hatajua mtu." Kijijini vidonge vya presha huazimwa kama chumvi, sembuse mashine. Manusos akaapa kwa mafuta ya ubatizo wa bintiye, na tangu hapo kila Jumamosi Miron akalala na mashine.

"Na Jumamosi hizo barakoa inavuja hewa juu ya mdomo," daktari aliendelea, akikuna kichwa. "Ungekuwa bado na masharubu ningeelewa."

Masharubu yake aliyanyoa kwa amri ya daktari huyuhuyu, barakoa ipate kushika vizuri, na tangu hapo mkahawani walimwita shangazi. Ya Miron yalikuwa bado yanafika masikioni.

Anayevunja kiapo cha sindekno haheshimiwi tena na mtu. Lakini Manusos alikumbuka alivyokuwa akilala kitanda cha pili, akisikia mkoromo wa Miron ukikatika, akishukuru kwamba hatimaye mwenzake kapata usingizi mtamu. Kumbe ndipo alipokuwa akiacha kupumua. 

"Si mimi," alisema. "Ni Miron."

Garifalia alimchapa kwa mkoba, kisha akambusu. "Mbwa wewe! Nimeshakuzika na kukulilia!"

Walipanda moja kwa moja hadi kwa Miron. Walimkuta uani akipogoa mzabibu, akipumzika kila baada ya tawi.

"Nimesema," Manusos alimwambia. "Daktari kaziona pumzi zako. Huenda ni moyo. Panda gari."

"Uliapa kwa mafuta ya mtoto."

"Niliapa. Mungu atanidai mimi, wewe hakudai kitu. Panda."

"Mimi sina sindekno," alisema Miron, akaingia ndani na kufunga mlango.

Alikuwepo mtu mmoja tu ambaye Miron hajawahi kumkatalia neno. Garifalia alimpigia simu, na alasiri Argiro akafika, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Baba wa ubatizo! Ulimkana shetani mara tatu kwa niaba yangu, leo unaogopa sindano? Na siku ya ndoa yangu taji nivishwe na nani, na picha yako?"

Miron alitoka na koti lake. Alipanda gari la Argiro, la Manusos hakulitazama.

Moyo kweli ulikuwa umechoka, lakini uliwahiwa. Alipewa dawa, na baadaye mashine yake mwenyewe. Majira yote ya baridi Manusos alipata habari kupitia kwa Argiro: vituo vya pumzi vinapungua, mstari unakwenda sawasawa. Mkahawani Miron alimgeuzia kiti mgongo, na wengine wakafuata. Manusos alimeza aibu yake pamoja na kahawa. Alimkumbuka rafiki yake kupita kiasi, ila kila alipomwona akipanda ngazi za kanisa bila kusimama, alijiambia heri Miron aliyenuna kuliko Miron aliye kaburini.

Ikafika Jumapili ya kusameheana, ile ya kuingilia mfungo. Mlango ukagongwa. Nje alisimama mzee asiyemjua, mdomo wa juu mweupe kama wa mtoto mchanga, chupa ya raki, pombe kali ya zabibu, kwapani.

"Unamtafuta nani, mzee wangu?"

"Usinifanye mjinga, Manusos."

Ilikuwa sauti ya Miron. Manusos alishika fremu ya mlango.

"Barakoa ilikuwa inavuja," Miron alisema akitazama chini. "Nimepita mkahawani. Wameniita shangazi, mbele ya watu wote." Akaifuta pua yake kwa mkono. "Nisamehe, sindekno. Sasa nikaribishe ndani, shangazi mwenzangu, huku nje baridi."