Dakika Tatu za Kunigunda

Jumanne asubuhi, Kunigunda wa Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, aliketi mbele ya kompyuta katika ofisi ya mradi wa macho, Mbinga mjini, pua yake ikikaribia kugusa kioo. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliyetaka upasuaji wa bure alipaswa kujiandikisha kwenye tovuti ya mradi kwa mkono wake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Wafadhili walitaka hivyo ili kuzuia udanganyifu.

Tovuti ile aliitengeneza Mariana, binti wa Singida aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale. Mwanzoni aliweka herufi kubwa nyeusi, vitufe vipana, swali moja kila ukurasa, na sauti ya kusoma maandishi. Meneja wake, Wilfred, akamuuliza kama anatengeneza tangazo la mnada. Herufi zikapunguzwa, zikawa za kijivu juu ya weupe. Sauti ikaondolewa. Ukurasa ukawa unajifunga baada ya dakika tatu, kwa usalama.

Kunigunda alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, maandishi mengine yakatokea.

"Inasema nini, mwanangu?"

"Inasema muda wako umekwisha, bibi," alijibu Mariana, aliyesimama nyuma yake.

"Haya," alisema Kunigunda. Akajifunga vizuri kitenge, akaaga, akapanda basi dogo la kurudi ziwani.

Alhamisi alikwenda kuchota maji ziwani, asilione jiwe lenye utelezi. Binti yake, Ida, alipiga simu ofisini kusema mama hatakuja tena kujaribu. Mariana alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu saa tatu asubuhi akaja.

Alikuwa amevaa sare ya WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliyozikwa nayo, ingali na mikunjo ya pasi. Nywele tu ndizo zilizokuwa bado zinachuruzika maji. Tereza, mfanya usafi, alileta tambara la kudekia akaliweka chini ya kiti.

"Shikamoo, bibi," alisema Mariana.

"Marahaba. Nimekuja kumalizia ile fomu."

Kufa hakukumwondolea ukungu machoni. Aliitafuta kila herufi kwa kidole, akakosea, akafuta, akaanza tena. Lakini ukurasa haukujifunga. Muda wake ulikuwa umeshakwisha. Ukurasa haukuwa na kitu kingine cha kumwambia. Ilimchukua siku tano. Kila siku saa nne Tereza alimpa chai, naye alikishika kikombe tu kwa ajili ya joto. Ijumaa mchana akapata namba na tarehe ya upasuaji.

Mariana alikwenda kwa Wilfred na ombi lake la zamani: herufi zirudi, sauti irudi, dakika tatu ziondolewe.

"Za nini?" aliuliza Wilfred. "Mfumo unafanya kazi. Huyu bibi wa miaka sabini na nne kajaza mwenyewe mwanzo hadi mwisho."

"Bibi huyo amekufa, bosi."

"Fomu haiulizi hilo."

Akamweka Kunigunda kwenye ripoti, na picha yake. Wiki iliyofuata Bernadi, jirani yake Kunigunda kule Lundo, alipanda Mbinga mara mbili kujiandikisha. Alikuwa hai, hivyo alipata dakika tatu. Hakuja mara ya tatu.

Daktari alimfanyia Kunigunda kazi safi. Bandeji zilipofunguliwa alimtazama Mariana kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe mdogo hivi," alisema. "Na macho yamekuvimba. Hulali?"

Mariana alisema analala. Kunigunda akamgeukia Ida, aliyekuja kumchukua, akaomba aonyeshwe picha za mazishi kwenye simu. Alizipitia polepole, kwa furaha. Watu walikuwa wengi. Shoga yake Emiliana ameota mvi. Padri amenenepa. Kisha akafika kwenye picha ya kando ya kaburi. Wanaume wawili walikuwa wamemshika mzee mmoja makwapani, na mguu wake mmoja ulikuwa hewani, ukipapasa.

"Huyu ni nani?"

"Mzee Bernadi, mama. Alitaka kukutupia udongo, hakuona shimo liko wapi. Akaumwaga miguuni kwa katekista."

Kunigunda hakuipita picha ile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kuuona uso wa jirani yake.