Baba wa Udongo

Wiki tatu tangu shimo la shaba limfukie mume wangu, sijalia. Laurentine, dada yake, ananichosha: "Ufanye kazi ya mikono na batoto, itabapunguzia mawazo."

Haya. Nikachota udongo nyuma ya nyumba, hapa Kapata, tukakaa barazani tukifinyanga. Mwanangu Mechack akafinyanga mbuzi. Mignonne, wa miaka mitano, akafinyanga baba yake, akamchomeka njiti ya kiberiti kichwani iwe taa. Kisha akachomoa uzi kwenye kitenge changu cha matanga, akamfunga kiunoni.

"Uzi wa nini?"

"Ni ya kumuvuta, mama. Siku ile balisahau kumufunga kamba."

"Basi vuta," nikasema.

Akavuta. Udongo ulikuwa mbichi. Uzi ukamkata vipande viwili.

Nikampa udongo mwingine.