Waya wa Usiku

"Wamena, Wamena, hapa Helumo. Mnanisikia?"

Redio ilimjibu Mama Yosina kwa mvumo mtupu, kama mvua ya mbali juu ya bati. Jua lilipokuwa bado mlimani, sauti ya Wamena, mji wenye ndege, ilimwambia asubiri kidogo, rubani anaongea na kijiji kingine. Sasa jua lilikuwa limezama, na sauti imezama nalo.

Nyuma ya ukuta wa mbao, bintiye Merina alikuwa ameng'ata kitambaa. Uchungu ulimshika tangu alfajiri, na mtoto alikuwa amekaa kikingama.

Muuguzi Tobias akachungulia mlangoni, mikono bado imelowa. "Mama, wanasemaje?"

"Hakuna asemaye. Dari imetoboka."

Tobias akatazama bati la zahanati.

"Si hiyo," alisema Yosina. "Ya juu huko. Mchana jua huchoma hewa ya juu kabisa, likaijaza elektroni. Mawimbi yetu hupanda, yakagonga hapo, yakashukia Wamena. Usiku elektroni hupungua, mawimbi ya mchana yakapenya yakaenda zake kwa nyota. Ya masafa ya chini bado hunaswa. Lakini hayo yanataka waya mrefu."

"Basi tumia waya mrefu."

"Waya wenyewe umefungia zizi la nguruwe la shemeji."

Akavaa koti, akachukua tochi na kisu. Rubani hupanga safari za kesho yake kabla ya kulala. Asiyesikika usiku huu hakuwa na ndege asubuhi. Na mchana mawingu huziba pengo la mlima, hata ndege wa mbinguni hapiti.

Shemeji yake Enos alimkuta ameinama kwenye zizi.

"Mama Merina! Giza lote hili unachimba viazi?"

"Nafuata waya wangu."

"Ule? Upepo uliuangusha tangu lini! Niliukuta umelala kwenye nyasi, nikajua umestaafu."

"Leo unarudi kazini."

"Hawa ni nguruwe wa mahari, shemeji! Wakitoroka nitamwambia nini baba wa bibi harusi?"

"Mwambie wamekwenda kumsalimia."

Enos akacheka, kisha akaona kisu. Akasimama mbele ya nguzo, mikono kiunoni. "Ngoja asubuhi. Nitaleta kamba za msituni, nifunge upya, uchukue uchafu wako."

"Asubuhi nitakuwa nachimba kaburi, Enos. Sogea."

Hakusogea. Kutoka zahanati ikaja sauti ya Merina, ndefu, isiyo na maneno. Nguruwe wakanyamaza. Yosina akapitisha mkono ubavuni mwa shemeji yake, akaweka kisu kwenye fundo la kwanza.

"Usikate!" Enos akamshika kiganja. "Ukikata utakuwa mfupi, utakufaa nini? Mafundo haya nimeyafunga mimi. Nimulikie."

Akayafungua moja moja, mengine kwa meno, akitema kutu na kulaani. Miti ya zizi ikaanza kulegea. Jike moja kubwa likasukuma kwa pua, likapita kati yao bila hodi, na wengine nyuma yake.

"Waache," alisema Yosina.

"Nawaona," alijibu Enos kwa uchungu, waya ukiwa mdomoni.

Enos aliukwea mti wa mvinje yeye mwenyewe, akaufunga waya juu kabisa, ncha ya pili wakaivuta hadi kwenye paa la zahanati. Yosina akauunganisha na redio, akashusha masafa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wamena, Wamena, hapa Helumo. Nina mama wa kujifungua, mtoto amekaa kikingama."

Mvumo. Akarudia. Mvumo. Taa ya betri ikaanza kufifia. Akarudia kwa sauti ileile, kama anayeita watoto kula.

"...lumo... tunakusikia. Nani mgonjwa?"

"Binti yangu."

"Kukipambazuka, Mama. Uwanja uwe mtupu. Mtupu kabisa."

Yosina akageuka. Enos alikuwa mlangoni, magoti yamechubuka. Nje, kutoka upande wa uwanja wa ndege ambako nyasi ni laini, walisikia milio ya nguruwe walioshiba uhuru.

"Usiniambie," alisema Enos, akachukua tochi.

Kulipopambazuka, Merina alikuwa amelazwa kwenye machela kando ya uwanja, midomo imekauka, mkono wa mama yake ukiwa tumboni mwake. Kijiji kizima kilikuwa kimekwishakimbiza nguruwe hadi bondeni, isipokuwa jike lile kubwa. Lilikuwa limejilaza katikati ya njia ya ndege.

Enos alilikaribia taratibu, kiazi mkononi. Likainua pua. Likasimama. Akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kuelekea ukingoni.

"Njoo, mama," alilibembeleza. "Njoo, mke wa chifu. Njoo."

Merina akaubana mkono wa mama yake. Nyuma ya mlima, ndani ya ukungu, kitu kilianza kunguruma.