Gunia la Mbegu Moja

Kwa heshima na taadhima, naeleza hapa jinsi wavulana ishirini na watatu walivyojikuta wakirukaruka kwa mguu mmoja kengele ya chakula ikilia.

Jumamosi ni siku ya kudeki bweni, hivyo viatu vyote hukaa barazani. Wenzangu wakiwa ndani wanasugua sakafu, nilichukua kiatu kimoja kutoka kila jozi, nikavitia guniani. Zamani mchezo huu usingenoga, maana sote tulivaa kandambili zilezile. Lakini tangu mitumba iruhusiwe, baraza letu limekuwa kama soko la Lindi: raba, makobazi, hata buti za mzungu asiyejulikana.

Mwalimu wa zamu, Mwalimu Skolastika, alinikuta nimelikalia gunia.

"Nassibu, nini hicho?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nini hicho?"

Wenzangu walikwisha kutuzunguka, mguu mmoja juu kama korongo, maana mchanga ulikuwa wa moto. "Mtimue, Mwalimu!" alipiga kelele Valerian, ninayekula naye sinia moja. "Arudi kwao Miteja!"

Baba ameapa: nikirudishwa tena, shule basi, ni palizi ya mikorosho mpaka nizeeke. Nikamtazama Mwalimu, anayetufundisha biolojia, na mdomo ukatangulia.

"Ni mbegu ya kiume, Mwalimu."

Walicheka mpaka wakashikana wasianguke. Mwalimu hakucheka. "Eleza. Ukikosea, kafunge sanduku lako."

"Seli ya mwili ina kromosomu arobaini na sita, yaani jozi ishirini na tatu, kama viatu vya barazani. Katika kila jozi, moja ya baba, moja ya mama. Sasa mbegu ikibeba zote, na yai likibeba zote, mtoto atakuwa na tisini na mbili! Kwa hiyo jozi huachana. Mbegu hubeba moja tu ya kila jozi."

"Mbona humu vya kulia na vya kushoto vimechanganyika?"

Nilikuwa nimeokota ovyo tu. Halafu nikaona! Nikaona kweli, mwili ukanisisimka. "Kila jozi huachana kivyake, Mwalimu! Hapa ya baba, pale ya mama. Ndiyo maana mimi na kaka yangu hatufanani hata pua!"

"Na jozi ya ishirini na tatu?"

Nikapapasa guniani, mkono ukashika raba kubwa ya Likwata, aliyenunua mtumba bila kukagua.

"Likwata, onyesha uliyovaa!"

Akaonyesha. Ndogo!

"Hiyo hapo! Kwa mwanamume jozi hii haifanani: eksi kubwa, wai ndogo. Gunia langu lina eksi. Likikutana na yai, anazaliwa msichana!"

Bweni lililipuka kwa shangwe. Valerian alipiga makofi, akaanguka.

"Huendi Miteja," alisema Mwalimu. "Ila yai umeliruka. Seli moja hutoa mbegu nne, sawa kwa sawa. Kwenye yai, seli moja kati ya nne hubaki na chakula chote, na vijiseli vya pembeni huambulia kromosomu tu. Valerian, sinia lenu mko wangapi?"

"Wanne, Mwalimu."

"Leo yai ni wewe. Nassibu yuko pembeni."

Wali ulikuwa wa nazi. Naambiwa.