Nesi Asiye Wifi

Mwanamke nisiyemjua alishuka kwenye boti ya mizigo, sketi imelowa hadi magotini, mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, kaukunja kwapani. Aliniuliza kama nina undugu na watu wa kisiwa chake. Nilipojibu sina, ndipo alipoingia zahanati ninakofanya kazi ya unesi.

Jina lake Telesia. "Kwetu nesi ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume," alisema. Sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki, dada wa mume ndiye mwenye neno nyumbani. "Nikivua nguo mbele yake, Jumapili kanisa zima litajua hadi rangi ya chupi."

"Rangi gani kwani?"

"Nyamaza wewe mtoto!" Akacheka, kisha akalia.

Nilimpima. Yalikuwa masundosundo: vinyama laini vya rangi ya ngozi ukeni, vingine kama kichwa cha pini, vitatu vimeungana mfano wa koliflawa ndogo. Haviumi, alisema, vinawasha kidogo tu. Alivigundua kwa kidole akioga.

"Miezi saba mume wangu Paea yuko Australia anachuma matufaa. Miezi saba sijaguswa. Usiku nalala na shati lake, nesi. Sasa niambie, nimchukie?"

"Dada, kirusi hiki hukaa mwilini kimya miezi, hata miaka, kabla vinyama havijatokea. Huenda kiliingia kabla hamjaoana, kwake au kwako. Hakuna kipimo cha kusema nani alikosa."

"Kwa hiyo naweza kumngoja?"

"Mngoje. Akirudi mwambie, naye aje apimwe."

Nilimpaka dawa ya kuunguza. Ingebidi arudi kila Jumatatu, pengine majuma sita.

"Lakini uwe wewe. Nikimkuta mwingine narudi na boti hiyohiyo."

"Nitakuwepo."

Alhamisi mchumba wangu Semisi alipiga simu kutoka mji mkuu, Nuku'alofa. Viza yake imetoka, Jumanne anapanda ndege kwenda New Zealand, miaka miwili. Meli ya kutoka kwetu kwenda Nuku'alofa ilikuwa moja tu, Jumatatu asubuhi.

"Njoo, Lupe. Nikuone japo saa moja."

"Nina mgonjwa."

"Kwani hapo hakuna nesi mwingine?"

"Yupo," nilisema. Nilimsikia akipumua, nikatamani hata hiyo pumzi isikatike.

Jumatatu meli ilipopiga honi ya kuondoka, Telesia alikuwa amelala kitandani, ameangalia dari. Nilivaa glavu, nikafungua chupa ya dawa.