Sauti ya Kiume Chumbani kwa Shangazi

Watu hawamwachi mwanamke apumzike hata akishazikwa. Shangazi yangu aliandika riwaya ambazo wanafunzi wamezisoma mpaka majalada yakang'oka, lakini kila nikialikwa kuzungumza juu yake swali ni lile lile: kwa nini hakuolewa? Wapo waandishi wa kiume wa rika lake waliokufa makapera, na sijasikia ndugu zao wakisumbuliwa.

Juzi niliitwa ofisini kwa mchapishaji. Riwaya yake kubwa, ambayo haijaonekana madukani kwa miaka mingi, inatolewa upya, na profesa mmoja ameiandikia dibaji. Mhariri alinipa niisome kabla haijaingia mtamboni kesho yake. Nikaketi kati ya mhariri na profesa, nikaisoma, na humo ndani nikakuta mwanamume. Shangazi, aliandika profesa, alikuwa na mpenzi wa siri, mume wa mtu, aliyemtembelea alasiri na kujifungia naye chumbani. Majirani waliisikia sauti yake. Alipomwacha, shangazi hakuweza kupenda tena, na machungu hayo ndiyo yaliyozaa riwaya.

"Huyo mwanamume namjua," nilisema. "Ni shangazi mwenyewe."

Shangazi hakuweza kuandika sentensi asiyoisikia kwanza. Alijifungia chumbani, akatembea kutoka dirishani hadi kabatini, akiwasemesha wahusika wake kila mmoja kwa sauti yake. Karani alikuwa na kikohozi. Mlevi alivuta maneno. Askari alinguruma, na shangazi alikuwa na kifua cha kunguruma kweli kweli. Tuliishi nyumba moja, na nikitoka shule aliniketisha kitandani nimjibu, leo mtoto wa mlevi, kesho mke wa karani. Maneno yakikaa sawa ndipo alipoketi kuandika. Nyumbani tuliyazoea hayo, walioshtuka ni wageni.

Profesa alinitabasamia kama daktari anayebishiwa na mgonjwa. "Ulikuwa mtoto, dada yangu. Na lisemwalo lipo."

"Lisemwalo na nani?"

"Na baba yako mzazi. Nilikaa naye mchana kutwa."

Mhariri aliinamisha macho. Nikabeba mkoba wangu, nikaondoka bila kuaga.

Baba ndiye kaka mkubwa wa shangazi. Nilimkuta sebuleni anasikiliza redio, nikaizima kabla hata ya kumwamkia, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu.

"Shangazi alikuwa na mwanamume?"

"Yule profesa ni msomi," alisema.

"Sikuulizi habari za profesa."

Alijikuna goti. "Nilimwambia watu walisikia sauti. Si kweli walisikia?"

"Na wewe ulijua ni ya nani. Si ulikuwa unagonga ukuta, unamwambia askari apunguze kelele?"

Kidogo acheke. Aliponiona uso, akaacha.

"Alikuja mwalimu mkuu kumposa," alisema. "Mtu mzima, na heshima zake. Wazazi wetu walishafariki, nikampokea mimi. Tukiwa tumeketi hapa, akamsikia dada yangu kule chumbani anamfokea mtu. Nikamweleza. Mwalimu akacheka, akasema kuandika ruhusa, ila nyumbani kwake hataki makelele yale. Dada aandike kimya kimya, kama watu wengine."

"Shangazi akasemaje?"

"Akasema kimya kimya hawezi, kwa hiyo mume hamtaki. Akaniomba nikamwambie mwalimu vile vile, kwamba hataki."

"Ukamwambia?"

"Ningemwambiaje? Mwanamume wa watu anakataliwa ili mtu apige kelele peke yake chumbani? Angetuona ukoo mzima wendawazimu." Aliisogeza redio kando. "Nikamwambia dada ana mtu."

Nilitafuta kiti. Nilikumbuka wanawake walionyamaza shangazi alipowafikia bombani, na akina mama waliowakataza binti zao kuja kwake kusoma. Utoto wangu wote nilidhani ni wivu. Kumbe walilishwa maneno, yakipitia kwa mwalimu, na aliyewalisha nilikuwa namwita baba.

"Alijua ni wewe?"

"Alijua. Mwalimu alimwendea kumuuliza. Jioni ile akanipakulia chakula kama kawaida, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza. Hakuligusia mpaka anakufa."

"Na amelala kaburini, bado ukamrudishia uongo ule ule."

"Mwanangu, mwanamke aliyeachwa watu wanamhurumia. Aliyekataa hawamsamehe. Nilikuwa namsitiri."

"Ulijisitiri wewe."

Nilimchukia, nasema wazi. Alimpora dada yake jambo dogo kabisa, neno lake mwenyewe la kukataa, akamvisha hawara badala yake. Na kesho hawara huyo angechapwa ndani ya kitabu cha shangazi, chini ya jina lake, watoto wa shule wamjibie mtihani. Mimi nilishasema, sikuaminiwa. Nikatoa simu, nikampigia profesa.

"Nitamwambia nini?" aliuliza baba.

"Hayo uliyoniambia."

"Watanicheka, mwanangu. Umri huu."

"Wakucheke. Shangazi alikunyamazia. Mimi si shangazi."

Nilimwekea simu kiganjani. Profesa alikuwa ameshapokea, anaita haloo. Baba alinitazama, akingoja nimwonee huruma kama alivyozoea kuhurumiwa na wanawake wa nyumba hii. Nikamkazia macho mpaka akaipeleka simu sikioni.

"Profesa," alisema, "yule mwanamume hakuwepo. Nilimtunga mimi."