Mlango wa Matumbo

Wasee, wekeni chai chini kwanza, juu hii hamtaamini. Wazee wanne wa kanisa, suti zimepigwa pasi, walifungiwa kwa nyumba moja hapa Kibera na vifaranga themanini. Na hakuna mtu aliwafungia. Ni mlango.

Seline anauza omena, wale samaki wadogo, hapo Kisumu Ndogo, lakini roho yake iko kwa kuku. Mwezi wa sita alileta vifaranga hamsini, akawawekea balbu kwa katoni, akalala akijiita mkulima. Shida ilikuwa mlango. Kipande cha mabati tu, na hapo chini panya anapita bila kuinama. Baridi ikaingia, balbu ikabaki inapasha joto mtaa mzima. Wiki moja baadaye alikuwa na kifaranga kimoja, na hicho kilikuwa kinamwangalia vibaya.

"Sitaki balbu kubwa, hiyo inakula tokeni za stima," akamwambia bwanake, Osewe, baba ya Daisy wao. "Nataka mlango. Themanini wanakuja Alhamisi. Hawa wakikufa, mimi na kuku basi."

Osewe akafurahi sana, na hapo ndio mambo yaliharibika, juu yeye alikuwa na mlango wake kichwani kitambo. Chuma, rangi nyekundu, simba wawili wa dhahabu wakiangaliana.

Wakaenda Kawangware 56, kwa fundi anaitwa Wakoli. Stoo yake iko na milango miwili ya kuonyesha wateja, mmoja kila upande. Wa kwanza ulikuwa simba wenyewe. Osewe karibu asalimie.

Seline akaweka mkono kwa chuma. Baridi! "Hii ni friji imechorwa simba."

"Mama Daisy, mlango ndio sura ya mwanaume."

"Basi sura yako inapitisha upepo."

Akafungua mkoba, akatoa kontena ya lanchi yake, omena ya kukaanga. "Baba Daisy, ingia stoo. Wakoli, mfungie. Ukisikia harufu, mlango nachagua mimi. Usiposikia, twende na simba wako."

Osewe akaingia kifua mbele. Seline akasongeza kontena kwa mlango, akapepea na kifuniko.

"Unasikia?"

"Hakuna kitu!"

"Kabisa?"

"Hewa safi kabisa!"

Halafu sauti ndogo ikatoka nyuma ya simba: "Lakini leo umetia dania?"

Wakoli alicheka mpaka akakalia misumari.

Mlango wa pili ulikuwa mweupe, mnene kama godoro, ndani umejazwa foamu, pembeni raba. Ulitoka kwa chumba cha baridi cha bucha fulani iliyofungwa. Seline alipepea mpaka mkono ukauma. Osewe huko ndani hakunusa chochote. Hata walipomwita atoke hakusikia.

"Huu kazi yake ilikuwa kuzuia joto isifikie nyama," Wakoli akasema. "Kwako utazuia joto isitoroke. Kazi ni ile ile, imehama mtaa tu."

Kulikuwa na kitu kimoja. Upande wa mbele, herufi nyekundu kubwa kama ndoo: MATUMBO IPO LEO.

"Tutapaka rangi," Wakoli akasema.

Walipaka. Ikatoka na mvua ya kwanza.

Wakoli alisimamisha nguzo mbili za mbao, juu ukuta wa mabati peke yake ungelala chini na mlango. Akaeleza pia: ukiusukuma mpaka mwisho unajifunga wenyewe, na kishikio cha kufungulia kimebaki kimoja, kiko ndani. Wakitoka wote, wanaurudisha kidogo tu, wanapiga kufuli.

Seline naye akabandika katoni kwa kuta. Wiki tatu, balbu ndogo tu, na vifaranga wako themanini. Anawahesabu kila asubuhi kama mwalimu. Osewe ndiye alikuwa anakonda. Saa kumi na mbili asubuhi mtu anabisha: "Mkubwa, nipimie nusu, na osha vizuri!" Mtaa mzima ulikuwa unamwita Baba Matumbo.

Halafu kanisa likamchagua mkuu wa mapokezi. Wazee wakasema Jumapili mchana watakuja kuombea nyumba.

Jumamosi, Seline akiwa sokoni, Osewe akaita kijana wa mtaa, wakageuza mlango. Upande safi ukaenda nje, matumbo yakaingia ndani, yakafunikwa na kalenda kubwa ya kanisa. Seline aliona jioni, akaenda kuhesabu vifaranga wake. Bora joto. Usiku huo waliurudisha kidogo tu, wakauegemeza na ndoo ya maji.

Jumapili wazee wakafika kutoka maghorofa ya Nyayo Highrise. Wa mwisho kuingia alikuwa Mzee Nicanor, mtu wa heshima zake. Akausukuma mlango vizuri, mpaka mwisho.

Tap.

Walikunywa chai, wakaomba, suti zikajaa jasho. Mzee Nicanor akasimama. "Nifungulieni, nijisaidie kidogo."

Osewe akatafuta kishikio. Kishikio kiko nje.

Akapiga ngumi. Kalenda ikaanguka.

"Matumbo ipo leo," Mzee Nicanor akasoma polepole. "Osewe, hili ni andiko la wapi?"

Wakapiga kelele, lakini kanisa la jirani lilikuwa limefungulia spika. Simu ya Osewe ilikuwa imezima, na wazee hawakujua jirani hata mmoja. Seline akatoa yake, akatafuta namba ya Phanice, jirani wa nyumba ya tatu.

Hapo Osewe, aibu imempanda kichwani, akaropoka: "Msijali, wazee! Huu mlango unaenda kesho! Nimeshaongea na Wakoli, analeta simba!"

Kidole cha Seline kikasimama.

Akaangalia katoni. Themanini, wamelala mmoja juu ya mwingine.

"Baba Daisy," akasema polepole, "sema hapa mbele ya wazee kwamba mlango unabaki. Na unageuzwa vile ulikuwa, matumbo nje. Ukisema, napiga."

"Mama Daisy, si mbele ya watu!"

"Mbele ya watu hao hao."

"Osewe," Mzee Nicanor akasema, magoti yamebanana, "mwanangu, sema."

Osewe akaangalia wazee. Akaangalia zile herufi. Akaokota kalenda, akazifunika tena.

Kidole bado kiko juu ya jina la Phanice, na mzee anaruka ruka. Haya, sema ukweli wako: wewe ungekuwa Seline, ungepiga hiyo simu?